Shajara ya mradi: kukokotoa upya vikomo vya maada giza kwenye zenoni kimiminika

Lengo la mradi ni programu fupi ya Python inayopokea modeli ya maada giza (masi ya chembe, aina ya mwingiliano, na eneo la mgongano, yaani kipimo cha uwezekano wa kugonga) na kutoa idadi ya matukio ambayo tangi la zenoni lingeona, kisha kuigeuza idadi hiyo kuwa kikomo (eneo kubwa kuliko yote la mgongano ambalo data bado inaliruhusu). Vikomo vilivyochapishwa huja kama mstari mmoja kwa modeli moja ya kawaida. Mwenye modeli tofauti hawezi kuupanua au kuubana mstari huo kwa jicho. Lazima arudi kwenye hesabu ya mwanzo, na ndiyo inayoandikwa hapa, pamoja na kila mahali ilipokwama.

Wiki ya 1: vipimo na mgongano

Vigezo vya halo (wingu la maada giza linaloizunguka galaksi) vimefungwa kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo. Masi na nishati zote ni kwa elektroni-volti (eV): keV ni elfu, MeV milioni, GeV bilioni, TeV trilioni. Msongamano wa maada giza karibu na Jua ni 0.3 GeV/cm³, kasi ya mzunguko wa galaksi km/s 238, kasi ya kutoroka km/s 544, na mwendo wa Jua lenyewe (11.1, 12.2, 7.3) km/s. Hivi ndivyo vigezo ambavyo majaribio makubwa yalikubaliana kuvitumia mwaka 2021. Karatasi za zamani hutumia 220 badala ya 238, kwa hiyo anayelinganisha mistari miwili aangalie hilo kwanza. Ukivijumlisha, Jua linakwenda kwa km/s 250.6 ndani ya halo, na chembe yenye kasi kubwa kuliko zote inatukuta kwa takribani km/s 794.6.

Kiini kinachogongwa hupata nishati isiyozidi

E_juu = 2 μ² v² / m_N

ambapo μ ni masi punguzi ya chembe na kiini (zao la masi mbili gawanya kwa jumla yake), v ni kasi ya chembe, na m_N ni masi ya kiini. Kwa zenoni, m_N ni GeV 122.3. Hili ndilo jaribio la kwanza la msimbo, na majibu yake yalipigwa kwa kalamu kabla ya kuendesha chochote: chembe ya GeV 100 inatoa keV 348, ya GeV 10 inatoa keV 9.8, ya GeV 5 inatoa keV 2.65, na ya GeV 1 inatoa takribani eV 113.

Toleo la kwanza lilikosea kwa mara bilioni 90. Kasi ilikuwa katika km/s na masi katika GeV, na hakuna aliyegawanya kwa c². Kosa la ukubwa huo huonekana mara moja. La hatari ni dogo zaidi: mtu anaweka masi ya protoni mahali pa masi ya wastani ya nukleoni (protoni au nyutroni) katika zenoni (0.938 mahali pa 0.9315), E_juu inabadilika kwa chini ya asilimia moja, na kosa linabaki ndani ya msimbo hadi mwisho. Sasa kila kigezo kinaingia kikiwa na jina la kipimo chake, kwa mfano `m_N_GeV` na `E_keV`, na ubadilishaji wote unafanyika katika faili moja tu.

Jedwali hilo dogo linaeleza sehemu kubwa ya uwanja huu. Tangi la zenoni lenye kizingiti cha keV 5 haliwezi kuiona chembe ya GeV 5 hata liwe na tani elfu, isipokuwa bahati ya kitakwimu iusukume mwanga juu ya kizingiti. Bahati hiyo inarudi wiki ya 4.

Wiki ya 2: intagrali ya kasi

Kiwango cha matukio kinahitaji wastani wa 1/v kwa chembe zote zenye kasi ya kutosha kutoa nishati E, yaani kuanzia

v_chini = √(m_N E / 2μ²)

Kwa mgawanyo wa Maxwell uliokatwa kwenye kasi ya kutoroka, intagrali hii ina jibu kamili lenye vipande vitatu kufuatana na ukubwa wa v_chini. Vipande viwili vya kwanza havikusumbua. Cha tatu kiliruka ghafla mahali kinapoungana na cha pili, na sababu ikawa mkia ambao haukukatwa sawasawa kwenye kasi ya kutoroka. Ukikata mkia wa mgawanyo lazima pia ugawanye upya ili jumla irudi kuwa 1. Kinachokatwa hapa ni kama asilimia 1.5, ndiyo maana kosa halikuonekana kwenye masi kubwa. Kwenye masi ndogo mkia huo ndio ishara yote.

Jaribio lililobaki ndani ya msimbo ni hili: ondoa kasi ya kutoroka kwa kuiweka kubwa mno, weka v_chini = 0, na jibu lazima liwe erf(v_J/v₀)/v_J, yaani 0.003446 s/km (v_J ni kasi ya Jua ndani ya halo, v₀ ni kasi ya mzunguko wa galaksi). Linapita.

Kwa kulinganisha, chembe za GeV 100 ni tatu tu katika kila lita ya nafasi, lakini kwa kasi ya wastani ya km/s 355 zinapita takribani 100,000 kwa kila sentimita ya mraba kila sekunde. Chembe hazikosekani, kinachokosekana ni migongano.

Wiki ya 3: kiini si nukta

Kwa mwingiliano usiotegemea spini, nukleoni zote za kiini huitika pamoja. Eneo la mgongano la kiini ni la nukleoni moja mara A² (A ni idadi ya nukleoni) mara uwiano wa masi punguzi uliopigwa kipeo cha pili. Kwa zenoni A² ni 17,240, kwa agoni ni 1,600. Chukua chembe ya GeV 100 na eneo la 10⁻⁴⁷ cm² kwa nukleoni: hesabu inatoa matukio kama 9 kwa tani moja kwa mwaka.

Tisa hiyo ni ya uongo kwa sababu inachukulia kiini kama nukta. Kadiri msukumo unavyokua, mawimbi kutoka sehemu tofauti za kiini yanaanza kufutana. Kigezo cha umbo cha Helm (F) kinalishughulikia hilo kwa namba tatu za umbo la kiini, katika femtomita (fm): a = 0.52 fm, s = 0.9 fm, na c = 1.23 A^(1/3) − 0.60 fm. Kwa zenoni, nusukipenyo kinachotumika kinatoka 5.84 fm. Majibu ya F² ya kulinganisha nayo ni 0.61 kwenye keV 10, 0.20 kwenye keV 30, 0.055 kwenye keV 50, na sifuri kwenye keV 94. Baada ya kuzidisha, yale matukio 9 yanashuka hadi kati ya 2 na 3.

Makosa mawili yalitokea hapa. Moja ni kuzidisha kwa F badala ya F². Ukipata 0.78 kwenye keV 10, hilo ndilo kosa lako. La pili ni la vipimo tena: msukumo q huja katika GeV na nusukipenyo katika fm, na kati yao kuna 0.19733 GeV·fm. Ukigawanya mara mbili, kigezo kinatoa namba isiyo na maana lakini mchoro bado unapendeza machoni.

Kosa la tatu lilijificha hadi modeli isiyo ya kawaida ilipojaribiwa. Kuna modeli ambamo chembe inashikana na nyutroni kwa ishara iliyo kinyume na protoni, f_n/f_p = −0.7 (f_n na f_p ni nguvu za kushikana, Z na N ni idadi ya protoni na nyutroni), hivyo Z f_p + N f_n karibu inafutika kwa zenoni. Msimbo uliotumia A ya wastani (131.3) ulitoa karibu sifuri na kutangaza kwamba zenoni ni kipofu kabisa. Si kweli. Zenoni ya asili ni mchanganyiko wa isotopu tisa kutoka 124 hadi 136, na hakuna uwiano mmoja unaozifuta zote. Kwa isotopu 129 jumla inabaki 1.5, kwa 136 inabaki −3.4. Ukipima kwa wingi wa kila isotopu, kiwango kinashuka kama mara 7,500. Ni kushuka kukubwa, ila tangi la tani kadhaa bado lina la kusema. Tangu hapo kitanzi cha isotopu ni cha lazima kwa kila modeli, hata ile ya kawaida, kwa kuwa gharama yake ni sekunde chache tu. Kitanzi hichohicho kinahitajika kwa mwingiliano unaotegemea spini, maana katika zenoni ni 129 (asilimia 26.4) na 131 (asilimia 21.2) pekee zenye spini. Hizo zina nyutroni moja isiyo na mwenzi, kwa hiyo zenoni ina nguvu upande wa nyutroni. Upande wa protoni unaongozwa na florini: PICO-60 huko SNOLAB, Kanada, ilitumia C₃F₈ na mwaka 2019 ikafika 2.5 × 10⁻⁴¹ cm² kwa chembe ya GeV 25.

Wiki ya 4: kutoka nishati hadi mwanga

Hii ndiyo wiki iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na ilistahili.

Tangi la aina ya LZ au XENONnT (majaribio makubwa ya zenoni kimiminika) halipimi keV. Linapima mwanga wa kwanza (S1) unaotoka papo hapo pale kiini kinaposukumwa, na mwanga wa pili (S2) unaotoka pale elektroni zilizoachwa huru zinapovutwa na uga wa umeme hadi juu na kupenya kwenye gesi. Muda kati ya S1 na S2 unatoa kina cha tukio. Alama ya S2 kwenye vihisi vya juu inatoa mahali pake kwenye mlalo. Uwiano wa S2 kwa S1 unatenganisha kiini kilichosukumwa na elektroni iliyosukumwa na miale ya gama au beta.

Namba za kugeuza zilizochapishwa na LZ kwa data yake ya kwanza ni g1 = 0.114 (sehemu ya fotoni za S1 zinazohesabiwa) na g2 = 47.1 kwa kila elektroni, kwenye uga wa 193 V/cm. Kiini kilichosukumwa kwa keV chache hutoa takribani fotoni 5 hadi 6 kwa kila keV kwenye uga huo. Kwa hiyo keV 5 ni kama fotoni 27, na zinazohesabiwa ni kama 3. Sharti la tangi ni kwamba angalau vihisi vitatu vione mwanga kwa pamoja. Kizingiti cha karibu keV 5 kinatoka hapo, ni hesabu ya fotoni tatu.

Toleo la kwanza la msimbo liliukata mchoro wa nishati kwa kisu: chini ya keV 5 sifuri, juu yake moja. Kwa chembe ya GeV 100 tofauti ni ndogo. Kwa chembe ya GeV 5 au 6 ni tofauti kati ya sifuri na ishara halisi. Kiini cha keV 2 kinatoa S1 yenye wastani wa takribani fotoni 1 iliyohesabiwa, na kwa Poisson nafasi ya kupata 3 au zaidi ni asilimia 8. Kwa wastani wa 3, nafasi ni asilimia 58. Kwa kuwa matukio ya keV 2 ni mengi kuliko ya keV 5 kwenye masi ndogo, hiyo asilimia 8 inabeba karibu kila kitu.

Mpangilio sahihi, ambao sasa umefungwa kwenye msimbo, ni huu: nishati ya kweli, kisha wastani wa fotoni na elektroni, kisha Poisson au binomia, kisha kizingiti kwenye S1 na S2. Usikate kamwe kwenye nishati ya kweli. Kuna tahadhari moja ya kuongeza. Poisson haijui kwamba mavuno ya fotoni chini ya keV 1 hayajapimwa vizuri, kwa hiyo chini ya hapo mavuno yanawekwa sifuri kwa makusudi. Bila kufanya hivyo msimbo unaahidi uwezo wa kuona ambao haujathibitishwa vya kutosha na vipimo.

Urekebishaji wa tangi halisi unategemea vyanzo hivi: kriptoni-83m (keV 41.5, nusu-uhai saa 1.83) iliyochanganywa ndani ya zenoni yenyewe kwa kupima usawa wa mwanga kila mahali, methani yenye tritiamu kwa kupima jibu la elektroni zilizosukumwa (beta hadi keV 18.6), na nyutroni za MeV 2.45 kutoka jenereta ya D-D (deuteriamu na deuteriamu) kwa kupima jibu la viini vilivyosukumwa. Nyutroni hizo haziwezi kuipa zenoni zaidi ya keV 74, na ukingo huo mkali ni alama nzuri ya kupimia mizani ya nishati.

Wiki ya 5: kikomo cha kwanza

Jaribio la mfumo mzima lilikuwa kulinganisha na matokeo ya LZ ya mwaka 2024: tani-mwaka 4.2 ndani ya mgodi wa zamani wa Homestake, South Dakota, na kikomo cha chini kabisa cha 2.2 × 10⁻⁴⁸ cm² kwa chembe ya GeV 40.

Hesabu kwa hatua, kwa 10⁻⁴⁷ cm² na GeV 40: kiini kama nukta kinatoa matukio 7.2 kwa tani-mwaka, baada ya F² yanabaki 3.8, juu ya keV 5 yanabaki takribani 2.2. Mara 4.2 ni kama 9.3. Ukiona sifuri na huna matukio ya usuli (yasiyotoka kwa maada giza), kikomo cha asilimia 90 ni matukio 2.3. Kwa hiyo 2.3/9.3 × 10⁻⁴⁷, yaani 2.5 × 10⁻⁴⁸.

Ulinganifu huo usimdanganye mtu. Mambo mawili yamefutana. Ufanisi wa vichujio vya data haufiki 1 hata juu ya kizingiti, na hilo linapandisha kikomo. Upande mwingine, LZ haikuhesabu tu: ililinganisha umbo la matukio kwenye S1 na S2 na modeli ya usuli, na hilo linashusha. Msimbo wetu unaaminika ndani ya mara mbili, si zaidi, na namba hiyo itaandikwa kwenye kila mchoro utakaotoka.

Matukio yakionekana na usuli haufahamiki vizuri, njia ya pengo kubwa ya Yellin (2002) inafaa: inatafuta nafasi tupu iliyo pana kuliko zote kati ya matukio na kuuliza kama modeli ingeiacha wazi. Usuli ukifahamika, uwiano wa uwezekano ni bora. Kasoro ya njia hii ni kwamba usuli ukishuka kwa bahati, kikomo kinashuka chini ya uwezo halisi wa tangi. Ndiyo maana majaribio sasa yanaweka sakafu kwenye kikomo, na anayetumia mistari yao lazima ajue sakafu ya nani imewekwa wapi.

Kikomo kinabadilika kinyume na msongamano. Anayependelea 0.4 badala ya 0.3 azidishe mstari wote kwa 0.75. Marekebisho ya v₀ hayana urahisi huo, yanahitaji kuendesha msimbo upya.

Wiki ya 6: nyutrino za Jua

Chembe ya GeV 6 inatoa keV 3.8 kwa juu kabisa. Nyutrino ya MeV 15 kutoka boroni-8 ya Jua inatoa 2E²/m_N, yaani keV 3.7. Mchoro wa nishati wa moja unakaa juu ya mwingine, na kwa tukio moja moja hakuna namna ya kuzitenganisha. Mwaka 2024 XENONnT (Gran Sasso, Italia) na PandaX-4T (Jinping, China) zilitangaza dalili za kwanza za nyutrino hizo zikigonga viini vya zenoni, kwa sigma 2.73 na 2.64. Kilichokuwa utabiri wa “sakafu ya nyutrino” (kiwango ambacho chini yake nyutrino huificha ishara ya maada giza) sasa kimeanza kuonekana kwenye vipimo.

XENONnT ilifika hapo kwa kushusha sharti la S1 hadi vihisi viwili. Kwa wastani wa fotoni 1, nafasi inapanda kutoka asilimia 8 hadi 26. Gharama yake ni mgongano wa bahati: S1 pweke kutoka kelele za vihisi inapata S2 pweke isiyo yake, na zikiungana zinaonekana kama tukio. Usuli huu unakua kwa kuzidisha viwango viwili, hivyo kupunguza kila kimoja kwa nusu kunaushusha mara nne. Msimbo sasa una swichi ya vihisi viwili au vitatu, na swichi ya viwili inakataa kufanya kazi mpaka mtumiaji aingize kiwango cha S1 pweke, kiwango cha S2 pweke na dirisha la muda.

Sehemu ya nyutrino kwenye msimbo inatumia kigezo kilekile cha Helm lakini chaji tofauti: nyutroni karibu peke yake ndiyo inayohesabika, kwa hiyo ni N² badala ya A².

Wiki ya 7: iodidi ya sodiamu, kwa kifupi

DAMA/LIBRA, jaribio lenye takribani kilo 250 za NaI(Tl) (iodidi ya sodiamu yenye thaliamu kidogo), kwa miaka mingi liliripoti mabadiliko ya mwaka ya takribani tukio 0.01 kwa siku kwa kilo kwa keV kati ya keV 2 na 6, yakifika kilele karibu na tarehe 2 Juni, siku ambayo mwendo wa Dunia unajumlika zaidi na wa Jua. ANAIS-112 huko Canfranc, Hispania (fuwele 9 za kilo 12.5 kila moja) na COSINE-100 huko Korea Kusini zimetumia nyenzo hiyohiyo na hazikuyaona.

Kwa msimbo, cha kuangalia ni mizani. KeV za DAMA ni za elektroni. Kwa vigezo vya DAMA yenyewe vya sehemu ya nishati ya kiini inayogeuka mwanga (0.3 kwa sodiamu, 0.09 kwa iodini), keV 2 ni keV 6.7 ya kiini cha sodiamu au keV 22 ya iodini. Vipimo vya karibuni vya sodiamu vinatoa kigezo kidogo kuliko 0.3 kwenye nishati ndogo, na hilo linasogeza masi yote inayodaiwa. Kigezo hiki sasa ni orodha inayotegemea nishati badala ya namba moja.

Wiki ya 8: chembe zenye ngazi mbili

Modeli ya mwisho kuingia ni ile ambamo chembe lazima ipande ngazi ya nishati ya δ ndipo igonge:

v_chini = (m_N E/μ + δ) / √(2 m_N E)

Kwa chembe ya TeV 1 na δ ya keV 100, v_chini ndogo kuliko zote ni km/s 406, na inatokea kwenye keV 89. Ishara haianzi chini na kushuka kama kawaida, inakaa juu. Tena inakaa karibu kabisa na sifuri ya kigezo cha umbo kwenye keV 94. Helm pale si ya kuaminika, maana tofauti ndogo ya nusukipenyo inasogeza sifuri na kubadilisha jibu mara kadhaa. Juu ya δ = keV 383 zenoni haioni chochote kwa chembe ya TeV 1, kwa kuwa nishati ya mwendo haitoshi kupanda ngazi.

Madirisha ya kawaida ya uchambuzi yanaishia chini ya hapo, kwa hiyo kikomo cha kawaida hakiwezi kutumika kwa modeli hii kwa kuzidisha namba yoyote. Kazi inayoendelea ni kubadilisha Helm na vigezo vya umbo vya modeli ya maganda ya kiini kwa kila isotopu, na kupanua modeli ya S1 hadi keV 300. Jaribio limeshaandikwa: kwa δ = 0 msimbo mpya lazima urudishe 3.8 kwa GeV 40 na 10⁻⁴⁷ cm². Kwa sasa unarudisha 3.6, na kinachochunguzwa ni kama pengo hilo linatokana na vigezo vipya vya umbo au na hatua za intagrali ambazo ni pana mno chini ya keV 10.